Mfano wa barua umechoka: ruta haifanyi kazi ya posta

Mwulize mtu yeyote aliyesoma TEHAMA akueleze jinsi ujumbe wako unavyotoka kwenye simu yako Mbeya hadi kwenye simu ya dada yako aliye Mombasa. Mara nyingi atakujibu kwa barua. Data inakatwa vipande, kila kipande kinatiwa ndani ya bahasha, bahasha inaandikwa anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, kisha ruta, kama yule mhudumu wa posta nyuma ya kaunta, inasoma anwani na kuipeleka bahasha inakotakiwa. Basi. Mwanafunzi anaitikia kwa kichwa, anaandika kwenye daftari, na kwenye mtihani anapata alama zake zote.

Sina ugomvi na mifano. Bila mifano hata blogu hii isingekuwa na cha kuandika. Nina ugomvi na mfano unaomwacha mtu akiamini ameelewa, halafu siku intaneti inapofanya kitu cha ajabu mfano wenyewe unakaa kimya. Na intaneti yetu huku haiishi vituko. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mtandao ulizorota ghafla Tanzania na katika nchi kadhaa jirani, baada ya mikongo miwili ya baharini kukatika upande wa Afrika Kusini. Sasa jaribu kujibu maswali ya siku ile kwa kutumia barua. Kwa nini programu moja inafunguka na nyingine inagoma? Kwa nini mkongo ukatike kule kusini kabisa, halafu anayekwama awe mtu wa Dodoma? Na si tuliambiwa kwamba intaneti hujitafutia njia yenyewe?

Nitayarudia maswali hayo. Kwanza tuibomoe hii posta.

Posta ya nani?

Mfano wa barua ulizaliwa katika nchi ambako tarishi anapita nyumba hadi nyumba. Sisi wengi tumekulia kwenye S.L.P., tena sanduku lenyewe mara nyingi si letu: ni la shule, la parokia, la msikiti au la kazini kwa mzee. Mwanafunzi aliyezaliwa mwaka 2006 huenda hajawahi kubandika stempu maishani mwake. Tunamfafanulia asichokijua kwa kitu kingine asichokijua, halafu tunashangaa kwa nini anakariri.

Hilo ni dogo. Kubwa ni anwani. Anwani ya posta imebeba jiografia ndani yake: nchi, mji, sanduku. Mhudumu wa Tabora akiona bahasha imeandikwa Tanga, anajua ni upande upi hata kabla hajauliza mtu. Anwani ya IP haina kitu kama hicho. Katika toleo la 4 ni biti 32, katika toleo la 6 ni biti 128, na biti hizo hazisemi lolote kuhusu mito, milima wala mipaka ya nchi. Anwani mbili zinazofuatana kwa namba zinaweza kuwa za mitandao miwili iliyo katika mabara tofauti. Ruta haiwezi kuitazama namba ikajua kwamba huyu anakwenda kaskazini.

Inajuaje basi? Imeambiwa na jirani zake. Hili ndilo jambo ambalo mfano wa barua hauligusi kabisa, na ndilo lenye utamu wote.

Ndani ya ruta kuna jedwali. Kila mstari wa jedwali una sehemu mbili za msingi: kiambishi, yaani biti za mwanzo za kundi fulani la anwani, na jirani anayefuata kwa wanaoelekea kundi hilo. (Wale mliosoma sarufi hamtapata shida na neno kiambishi, ni kile kile kinachotangulia.) Ruta kubwa za uti wa mgongo wa intaneti zina viambishi karibu milioni moja vya toleo la 4 peke yake. Pakiti inapoingia, ruta inasoma anwani ya mpokeaji, inatafuta viambishi vyote vinavyoafikiana nayo, na kati ya hivyo inachagua kile kirefu kuliko vyote, kwa sababu kirefu kinataja kundi dogo zaidi, mahali mahsusi zaidi. Kisha inaitoa pakiti kwa mlango wa jirani huyo na kuisahau. Inafanya hivyo mamilioni ya mara kwa sekunde.

Umeona kisichokuwemo kwenye jedwali? Njia yote haimo. Ruta haijui pakiti itapitia wapi baada ya jirani. Kwa hiyo nina lawama pia kwa neno "kipanga njia", ambalo utalikuta kwenye baadhi ya tafsiri za programu. Anayepanga njia ni mtu mwenye ramani, anayejua mwanzo na mwisho. Ruta inachagua hatua moja tu. "Kisambaza data", neno jingine linalozunguka, ni baya zaidi: kusambaza ni kutawanya huku na huku, wakati ruta kazi yake ni kumpelekea jirani mmoja na kuwanyima wengine wote. Watu mtaani wameshaamua kusema "ruta", na mimi niko nao.

Uliza mbele

Tuna mfano wetu, na tunauishi kila siku. Unamtafuta fundi fulani Mbagala, hujawahi kufika. Ukimwuliza mtu Kariakoo hatakuchorea ramani. Atakuambia: panda gari za kule, shuka kituo fulani, halafu ukifika uliza. Pale kituoni muuza matunda atakuambia: pita huku, ukiona msikiti, uliza. Msikitini kuna mzee kwenye benchi, naye atakuonyesha uchochoro. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeijua safari yako yote. Kila mmoja alijua tu kwamba wanaoelekea upande ule hupita hapa. Na baada ya kukujibu alikusahau. Mtu anayekuja nyuma yako dakika tano baadaye anaweza kuelekezwa uchochoro mwingine, kwa sababu ule wa kwanza umejaa maji.

Huo ndio urutaji wa pakiti, kama utaniruhusu kulitumia neno hilo. Swali linaulizwa upya kila njia panda. Pakiti mbili za video moja zinaweza kupita njia tofauti, na jibu la dada yako kutoka Mombasa linaweza kurudi kwa njia ambayo ujumbe wako haukupita. Posta haina picha ya namna hiyo.

Mfano huu una faida nyingine: unaeleza jinsi mambo yanavyoharibika. Chukua tukio la tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeamuru YouTube izuiwe nchini humo. Pakistan Telecom ilitekeleza kwa kutangaza, ndani ya mtandao wake, kwamba kundi la anwani 256 za YouTube liko kwake, ili pakiti zote za huko ziishie hapo hapo. Tangazo hilo likavuja hadi kwa kampuni iliyokuwa ikiiunganisha na dunia, PCCW ya Hong Kong, na PCCW ikalipitisha kwa wengine. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza anwani zake kwa kundi moja kubwa la anwani 1,024. Kumbuka kanuni: kiambishi kirefu ndicho kinachoshinda. Ruta za mabara mengine zikaamini kwamba YouTube imehamia Pakistan, na kwa takriban saa mbili pakiti za watu wengi duniani zikamwagika huko.

Sasa fikiria uko njia panda unauliza nyumba ya Mzee Juma. Wa kwanza anakuambia, "Mtaa ule kule, mbele mbele." Wa pili anaruka: "Mzee Juma? Namjua sana, geti jekundu, pita huku kwangu." Utamfuata nani? Utamfuata aliyetaja geti. Jibu mahsusi lina uzito, hata kama anayelitoa anakosea au ana lake jambo. YouTube nao walijitetea kwa mbinu hiyo hiyo: walitangaza lile kundi la anwani 256, kisha wakaligawa katika makundi mawili ya 128, ili viambishi vyao viwe virefu kuliko vya Pakistan. Walishindana kwa kutaja rangi ya geti na namba ya mlango.

Jaribu kulieleza tukio hilo kwa barua. Itabidi useme kwamba posta moja iliziandikia posta zote duniani kuwa Mzee Juma amehama, na zote zikakubali bila kumwuliza mwenyewe. Msikilizaji atakuona mwongo. Lakini itifaki ya BGP, ambayo mitandao mikubwa huitumia kuambizana viambishi, kwa asili yake ni ya kuaminiana hivyo hivyo. Siku hizi kuna vyeti vya kidijitali vya kuthibitisha nani ana haki ya kutangaza kiambishi gani, na mitandao mingi imeanza kuvitumia, ila si yote.

Abiria na magari yake

Kosa jingine la mfano wa barua ni bahasha yenyewe. Bahasha inaanza safari Mbeya na kuishia Mombasa ikiwa ile ile. Kwenye intaneti kuna bahasha mbili, na ya nje inachanwa kila kituo.

Mfikirie mtu anayetoka nyumbani kwake Morogoro kwenda Unguja. Anapanda bodaboda hadi stesheni, anapanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam, anachukua bajaji hadi bandarini, halafu boti. Kila anaposhuka, chombo cha mwanzo kimekwisha kazi. Tiketi ya treni hakuna anayeitaka kwenye boti, na dereva wa bajaji hana haja ya kujua jina la nahodha. Kinachobaki ni abiria na nia yake ya kufika Unguja.

Pakiti ya IP ndiye abiria. Kutoka kwenye simu yako hadi kwenye ruta ya nyumbani inabebwa na fremu ya Wi-Fi, yenye anwani zake za vifaa ambazo zina maana ndani ya mtandao huo mmoja tu. Ruta inaipokea, inaitupa fremu, inaitoa pakiti, inasoma inakokwenda, kisha inaivika fremu nyingine inayofaa mkongo, au mnara, au setilaiti. Anwani za IP zilizo ndani zinabaki. Vinavyobadilika kwenye kichwa cha pakiti ni vitu vichache: kaunta moja inapunguzwa (nitaieleza) na, kwa toleo la 4, namba ya kuhakiki makosa inakokotolewa upya kwa sababu kaunta imebadilika. Toleo la 6 liliiondoa namba hiyo kabisa, ruta zipumue.

Hii si habari ya pembeni. Ndiyo sababu intaneti ipo. Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha pendekezo lao mwaka 1974, tatizo lilikuwa kwamba mitandao ilikuwepo tayari lakini kila mmoja na tabia zake: ukubwa wa pakiti tofauti, kasi tofauti, namna tofauti ya kutaja vifaa. Hawakutaka kuilazimisha yote ifanane. Waliweka kati yake mashine zilizoitwa malango, zinazozungumza lugha ya mtandao wa huku na ya mtandao wa kule. Tarehe 22 Novemba 1977 walionyesha kwamba inawezekana: gari lililokuwa likitembea barabarani eneo la San Francisco lilituma pakiti kwa redio, zikapita ARPANET, zikavuka Atlantiki kwa setilaiti hadi Ulaya, zikarudi Marekani. Mitandao mitatu isiyofanana, safari moja. Lango ndilo lililokuwa jina la kwanza la ruta, na kwa Kiswahili lingetufaa kuliko hivyo "vipanga njia". Lango ni mahali unapotoka eneo hili na kuingia lile. Limechelewa, lakini nalisema hivyo hivyo.

Ruta ya nyumbani kwako ina kituko chake. Ndani ya kale kaboksi kenye antena kuna ruta, swichi na kituo cha Wi-Fi vimebanwa pamoja, na juu ya hayo inafanya kazi ambayo ruta ya kawaida haifanyi: inabadilisha anwani ya mtumaji. Simu tano za nyumbani zina anwani za ndani, labda zinazoanza na 192.168, lakini huko nje zote zinaonekana kama anwani moja. Hapa, kwa haki kabisa, naupa mfano wa barua alama zake, ila iwe barua yetu ya S.L.P. Wanafunzi 800 wa bweni, sanduku moja, na mwalimu wa zamu anayejua barua ipi ni ya nani. Ukiongeza kwamba mwalimu huyo anafuta jina lako kwenye kila barua inayotoka, anaandika la shule na alama yake ya siri, kisha anaisoma alama ile kwenye jibu ili akutafute wewe, umeshaelewa kwa nini mtu wa nje hawezi kuanza mazungumzo na simu yako bila wewe kumwandikia kwanza. Inasikitisha kwamba mfano wa barua hufundishwa kila mahali isipokuwa hapo unapofaa.

Posta inayotupa barua

Posta ikitupa barua yako, hilo ni kosa la kazi. Ruta ikitupa pakiti yako, huenda imefanya kazi vizuri. Mwanafunzi aliyelelewa kwa bahasha hawezi kulimeza hili, na simlaumu.

Mlango wa kutokea una kasi yake. Pakiti zikiingia kwa wingi kuliko zinavyotoka, zinapanga foleni kwenye bafa. Foleni ikijaa, zinazofuata zinaachwa. Ruta haijuti, na kwa kawaida haikupigii simu kukuarifu. Kujua kwamba kuna kilichopotea, na kukituma tena, ni kazi ya kompyuta zilizo kwenye ncha mbili, kwa itifaki ya TCP.

Lakini kutuma tena nako kuna hatari. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, sehemu zilizotengana kwa mita zisizofika 400, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Arobaini! Kompyuta zilikuwa zikiona pakiti haijajibiwa, zinatuma nyingine, foleni inazidi, nyingi zaidi zinatupwa, nyingi zaidi zinatumwa tena. Van Jacobson alilichunguza tatizo na mwaka 1988 alichapisha tiba yake pamoja na Michael Karels. Kiini chake ni hiki: mtumaji akiona pakiti imepotea, achukulie kwamba barabara imejaa, na apunguze mwendo. Toka hapo kutupa pakiti kukawa pia ni namna ya ruta kusema neno. Kila simu iliyo mfukoni mwa msomaji wa makala hii inalisikiliza neno hilo.

Na ukitaka kuona kwamba kutotupa ni kubaya, weka bafa kubwa mno. Pakiti hazipotei, zinasubiri. Mtumaji hasikii onyo, anazidi kumimina. Ndiyo hali ile ambapo mtu mmoja nyumbani anapandisha video, na wewe uliye kwenye simu ya WhatsApp unasikia sauti ya mwenzako ikifika sekunde mbili baadaye, kila neno likiwa limekamilika. Hakuna kilichopotea, na mazungumzo hayawezekani.

Sasa ile kaunta. Kwa kuwa kila ruta inajua hatua moja tu, inawezekana ruta A ikaamini njia ni kwa B, na B ikaamini njia ni kwa A. Pakiti itazunguka kati yao milele. Kwa hiyo kila pakiti huanza safari na namba, mara nyingi 64, na kila ruta inapunguza moja. Ikifika sifuri pakiti inauawa, na hapo ruta kwa kawaida humtumia mwenye pakiti taarifa ya kifo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huyo huyo Jacobson aliitumia taarifa hiyo kwa ujanja: tuma pakiti yenye umri wa 1, itafia kwenye ruta ya kwanza, nayo itajitambulisha, tuma ya umri wa 2, ijitambulishe ya pili, endelea hivyo hadi mwisho. Programu hiyo ni traceroute, na kwenye Windows unaandika tracert, nafasi, halafu jina la tovuti. Ijaribu. Ukiona nyota nyota mahali pa jibu, usikimbilie kusema ruta imekufa. Nyingi zimewekwa zisijibu. Na ruta ya katikati ikionekana nzito huku zinazofuata ni nyepesi, maana yake kuandika taarifa za vifo si kipaumbele chake. Nimeona watu wakigombana na mtoa huduma kwa ushahidi wa namna hiyo.

Mifano mingine imejaribiwa. Filamu fupi ya Warriors of the Net, iliyotoka mwaka 1999 kwa kazi ya watu wa Ericsson, Sweden, ilionyeshwa sana madarasani: mabomba, mashine, pakiti zenye lebo, na adui aitwaye Ping of Death. Kama picha inapendeza hadi leo, na ina heshima kwa msongamano, kitu ambacho bahasha hazina. Tatizo langu nayo ni kwamba mabomba yale hayana wenyewe. Unatoka ndani yake ukidhani mtandao ni kiwanda kimoja kikubwa, wakati ni maelfu ya mitandao yenye wamiliki, mikataba na bili.

Nani anamlipa nani

Hapa hata mfano wangu wa kuuliza njia unapungukiwa, maana muuza matunda hakutozi. Ruta ya mtandao mkubwa ikiwa na majirani wawili wanaoweza kufikisha pakiti, kwa kawaida mhandisi ameiwekea upendeleo, na upendeleo huo hufuata mkataba kabla ya kufuata umbali. Anayetulipa kwanza, tuliyekubaliana kubadilishana bure baadaye, tunayemlipa mwisho.

Matokeo yake tuliyaona wenyewe. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe kutoka kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa mtoa huduma mwingine wa Nairobi ilikuwa ikipanda setilaiti, inafika Ulaya au Marekani, na kurudi kwa setilaiti nyingine. Ruta hazikukosea. Hakuna aliyekuwa ameunganishwa na jirani yake. Watoa huduma walipoanzisha kituo cha kubadilishana pakiti, KIXP, Novemba 2000, Telkom Kenya iliyokuwa na ukiritimba ililalamika, mdhibiti akakifunga, na hakikurudi kazini hadi mwaka 2002. Mwaka mzima na zaidi pakiti za Nairobi zikaendelea kuvuka bahari kwa sababu ya leseni. Mfano wa barua ungekufundisha hilo kwa njia gani?

Turudi Mei 2024. Kutoka pwani yetu mikongo ya Seacom na EASSy huelekea pande mbili, kaskazini kupitia Bahari ya Shamu na kusini hadi Afrika Kusini. Februari mwaka huo mikongo kadhaa, Seacom ikiwemo, ilikuwa imeharibika huko Bahari ya Shamu. Ruta zikaambizana, viambishi vikabadilishiwa milango, mzigo mwingi ukageuka kusini. Watu wa kawaida hawakuhisi sana. Ile methali ya intaneti kujitafutia njia ilitimia, na hakuna aliyeipigia makofi. Halafu tarehe 12 Mei Seacom na EASSy zikakatika kusini pia.

Ruta zilifanya tena kile kile: zikauliza majirani, zikapata njia zilizobaki. Kenya, yenye mkongo wa TEAMS unaokwenda Fujairah na mingine, ilitikiswa lakini ilikuwa na pa kuegemea. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Njia ilikuwepo, ila nyembamba kuliko mzigo, kwa hiyo foleni zikajaa, pakiti zikatupwa, TCP ikapunguza mwendo, ukurasa ukazunguka na kuzunguka. Ruta inaweza kuchagua kati ya milango iliyopo. Haiwezi kuchimba mlango, wala kutandika mkongo, wala kusaini mkataba wa akiba na jirani kabla ya ajali. Hayo ni ya watu, bajeti na wizara, na raia anayedhani kuna posta kubwa mahali fulani inayoshughulikia kila kitu hatajua amwulize nani.

Limebaki swali la programu moja kufunguka na nyingine kugoma. Kampuni kubwa za video na mitandao ya kijamii huweka nakala za maudhui yao kwenye seva zilizo ndani au karibu na nchi husika, mara nyingi kwa watoa huduma wenyewe au kwenye vituo kama KIXP. Pakiti za video iliyohifadhiwa Dar es Salaam au Nairobi hazikuhitaji kuvuka bahari siku ile. Mfumo wa ofisi yako wenye seva Frankfurt ulihitaji. Chukua tracert, pima tovuti tano zinazoishia na .tz au .ke unazozitumia kila wiki, na utazame kila njia inaishia wapi.